Kisigino cha Mti

Zeritu alipata wazo lake akiwa na mimba ya mwanawe wa kwanza, na siku alipolitoa kichwani mwana huyo alikuwa tayari ana ndevu. Hapo katikati kulikuwa na nini? Kulikuwa na kesho. Kesho baada ya sikukuu ya Meskeli, kesho mvua zikikatika, kesho mtoto akiacha ziwa. Watu husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Zeritu ilimuumiza nyonga.

Maana inseti haina huruma. Ukiiona kwa mbali utadhani mgomba, ila ndizi hutaipata. Chakula chake kimo kwenye shina lenyewe. Mwanamke hukaa chini juu ya majani, akaegemeza ubao mbele yake, akalaza gamba la shina juu ya ubao, kisha akainua mguu mmoja na kulikandamiza gamba kwa kisigino huko juu, lisiteleze. Mikono miwili inashuka na mwanzi uliopasuliwa, inakwangua mpaka zibaki nyuzi tupu, na ute mweupe uangukie majanini. Ute huo ndio unaofukiwa shimoni uchachuke, ndio kocho, ndio mkate wetu. Na mguu uko juu. Asubuhi uko juu, mchana uko juu. Ndiyo maana mwanamume hakanyagi hapo. Mbali na hayo ya mapaja ya watu, wazee wetu walisema mwanamume akitazama, shimo halichachuki, linaoza.

Basi Zeritu, tumbo likimzuia kuinua mguu, alijiuliza siku moja: kwani lazima kisigino kiwe changu? Kwa nini kisiwe cha mti? Ubao ungesimama kwa miguu yake wenyewe, ukawa na kitu cha kulibana gamba, na mwanamke akakaa kwenye kigoda kama binadamu.

Akamwambia mama mkwe wake, Ademe. Sasa Ademe alikuwa Ademe kweli. Mabibi harusi wa kijiji kizima walipelekwa kumtazama anavyokwangua, kama vile watu wanavyompeleka mtoto kanisani. Alimsikiliza mkamwana wake mpaka mwisho, akatema mate pembeni.

"Yaani bibi zako wote walikuwa wajinga, akili ikakungoja wewe?"

"Si hivyo, Mama."

"Ni hivyo hivyo. Uvivu huo, mwanangu, uvae nguo gani nitautambua. Mimi nilikwangua leo, kesho yake nikamzaa mumeo."

Zeritu akalirudisha wazo kichwani. Likakaa humo muda wa kuzaa watoto watano.

Miaka ikaenda na nyonga za Ademe zikaenda nayo. Kwanza alishika fimbo, halafu akawa mtu wa kukaa mlangoni juu ya ngozi ya ng'ombe. Wanawake walipokuwa wakikwangua na kuimba huko nyuma ya nyumba, yeye aliwasikiliza, na mikono yake ilikuwa ikishuka polepole juu ya sketi yake, ikikwangua pasipo na kitu. Zeritu aliiona mikono ile kila siku. Aliizoea, na hilo ndilo baya, maana ukishazoea jambo hulitazami tena.

Kisha zamu ikawa yake. Nyonga ya kulia ilianza kugoma. Baada ya kazi ilimbidi ajiinue kwa mikono na magoti, kama ndama aliyezaliwa sasa hivi. Na huku kwetu Gurage kazi ya inseti ni ya zamu: leo sote kwangu, kesho sote kwako. Asiyeweza kukwangua kwa mwenzake hana uso wa kuwaita wenzake kwake. Inseti yake itasimama shambani mpaka ioze, na yeye atakwenda sokoni kununua kocho. Mwanamke wa Kigurage, mwenye shamba, ananunua kocho! Jamani, heri ufe watu waseme ulikuwa mgonjwa.

Hofu hiyo ndiyo iliyomsukuma hadi kwa Shikur, seremala wa sokoni.

"Nataka ubao wenye kitu cha kubana," alimwambia.

"Kubana nini, dada?"

"Gamba la inseti."

"Libanwe upande gani?"

"Pale... panapobanwa."

Shikur akakuna sikio kwa penseli. "Mimi sijawahi kuona, dada yangu, unajua mwenyewe. Kwa sasa mnalibana kwa kitu gani?"

Kusema kisigino ni kusema mguu uko juu. Kusema mguu uko juu, mbele ya mwanamume, sokoni! Zeritu akatazama viatu vyake.

"Kwa mkono," akasema.

Basi Shikur akatengeneza alichokijua. Alitengeneza meza ya kupigia randa: ubao umelala chali, na jiriwa nzuri ya mti, kile kibano cha maseremala, imekazwa chini, upande wa tumbo la mkaaji. Siku ya zamu yake Zeritu aliiweka mbele ya wenzake, akaketi kwenye kigoda, akabana, akaanza kukwangua. Gamba likaruka kama samaki. Ute wote ukamshukia mapajani.

"Wifi!" Tadelech, dada wa mumewe, alipiga kelele. "Umepika uji, au umejikojolea?"

Walicheka hadi mianzi ikawadondoka. Kabla ya mchana kulikuwa na wimbo wa bibi anayekwangua akiwa mezani kama karani. Na Zeritu naye akacheka, akaimba nao, tena kwa sauti ya juu kuliko wote. Ndivyo tulivyo. Tukiona wazo letu linapigwa, tunakimbilia upande wa wanaolipiga, angalau tusipigwe nalo. Akajiambia wazo lilikuwa bovu tangu mwanzo na mama mkwe alikuwa amesema kweli. Jiriwa ikasukumwa kando ya nyumba, kuku wakaifanya kitanda.

Hapo ndipo hadithi nyingi za watu huishia. Hii ingeishia hapo pia, kama wangeendelea kumcheka. Lakini msimu mmoja, kazi ikiwa kwa Tadelech, Zeritu alishindwa kuinuka kabisa. Wakamwinua watu watatu. Hakuna aliyecheka. Tadelech alimpangusa majani mgongoni, akamwambia kwa upole, "Wifi yangu, zamu ijayo pumzika tu. Na ile nyingine pia."

Kicheko alikuwa amekimeza. Upole ule haukumezeka.

Alirudi nyumbani akijikokota, akamkuta Ademe mlangoni, mikono ikishuka juu ya sketi. Zeritu akakaa mbele yake, na safari hii akatazama. Mikono ilikuwa inaanzia juu, inavuta chini, inarudi juu. Chini ya sketi, mguu uliokufa miaka yote hiyo ulikuwa unatetemeka, kisigino kikijaribu kupanda. Akageuka kuitazama jiriwa ya kuku. Mdomo wa kubana ulikuwa chini.

"Ebo!" akasema. "Kisigino kiko juu."

"Kisigino gani?" Ademe akauliza.

Zeritu alikuwa ana hasira, na hasira yote ni dhidi yake mwenyewe. Shikur hakukosea. Angejuaje, masikini? Mtu umemwonea aibu, umemdanganya, kisha unalaumu kazi yake, na wazo lako unalifanya kitanda cha kuku.

Ulimi wake, kwa mazoea, ukasema nitakwenda baada ya Meskeli. Akaung'ata. Asubuhi alifungua sanduku la mumewe Sahle, ambaye alikuwa Addis Ababa kwenye biashara na hurudi nyumbani sikukuu tu, akatoa suruali. Akaivaa chini ya gauni, akaifunga kiunoni kwa kamba ya inseti maana Sahle ana tumbo, akachukua ubao wake wa zamani na gamba lililokwisha kukauka, akaenda zake sokoni.

Mbele ya karakana ya Shikur akakaa chini, mavumbini, akaegemeza ubao kwenye mlango wake, akainua mguu.

"Dada! Dada, funika!" Shikur akageukia ukutani.

"Geuka, Shikur. Nimevaa suruali ya mume wangu, wewe unaogopa suruali?"

"Na shimo lako likioza?"

"Hapa ni sokoni, si shambani, na gamba hili kavu halifukiwi na mtu. Tazama. Mara ya kwanza nilikudanganya. Tunabana kwa hiki hapa."

Wenye kuuza chumvi walisimama. Mtu mmoja akapiga mluzi. Zeritu alihisi uso unawaka mpaka masikioni, machozi yakamlenga, lakini mguu hakuushusha. Shikur akageuka, kwanza kwa jicho moja. Halafu akachuchumaa, akasahau kwamba yule ni mke wa mtu, akasahau na wauza chumvi.

"Kumbe mnavuta kuja chini!" akasema. "Mimi nilidhani mnasukuma. Na uzito wote unatoka huku juu? Pole, dada. Pole kweli. Ngoja nilete kipimo."

Ubao wa pili ulisimama wima kidogo, miguu miwili nyuma, na juu yake taya la mti linalokazwa kwa kabari. Ulifika siku chache kabla ya Meskeli, zamu ya Zeritu. Habari za suruali zilikuwa zimefika kabla yake.

"Umemwonyesha mwanamume!" Tadelech alimdaka langoni.

"Nimemwonyesha suruali ya kaka yako."

Tadelech akataka kukasirika, akashindwa, akacheka.

Zeritu alibana gamba, akakwangua. Gamba likatulia. Ute ukashuka palipotakiwa. Wanawake wakasogea, huyu akigusa kabari, yule akitikisa miguu ya ubao, na hakuna aliyekumbuka wimbo. Ndipo wakasikia fimbo ikigonga huko mlangoni.

"Nileteni huko," Ademe alisema.

Wakambeba na ngozi yake, wakamkalisha kwenye kigoda. Akashika mwanzi. Mvuto wa kwanza uliteleza, wa pili ukakumbuka. Akalikwangua gamba lote hadi nyuzi zikabaki safi kama nywele za mzee, na wote wakimtazama, maana vijana wao walikuwa wakimsikia tu, hawajapata kumwona. Alipomaliza alibaki ameshika ubao.

"Wazo hili ulilipata lini?" akauliza, bila kumtazama mkamwana wake.

"Nikiwa na mimba ya kwanza, Mama. Nilikwambia."

"Uliniambia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja!" Sauti ya mama mkwe ilikatika. "Nilikuwa mjinga nikakataa, sawa. Na wewe ukauheshimu ujinga wangu miaka yote hii, mimi nikakaa pale mlangoni?"

Zeritu alitaka kuomba radhi, alitaka pia kuombwa, na vyote viwili vilikuwa vimechelewa. Ademe akajifuta macho kwa mgongo wa mkono uliojaa ute, akalegeza kabari.

"Usisimame hapo," akasema. "Lete gamba jingine."