Panya wa Prudensia na Salamu ya Deo

Prudensia alipowaambia majirani zake wa Grand Prairie kwamba anafanya kazi na panya, wengi walidhani kazi yake ni kuwaua. Kumbe aliwafundisha kusikiliza. Katika maabara moja ya Dallas, panya aliwekwa kwenye kisanduku chenye spika, na sauti fulani ikipigwa alitakiwa kuingiza pua kwenye tundu. Akipatia, anadondoshewa kidonge cha sukari. Baadhi ya panya hao mama zao walipewa dawa ya kifafa wakiwa na mimba, nao wakazaliwa na tabia zinazofanana na za usonji. Masikio yao yalikuwa mazima. Ila sauti ikishapita sikioni, ubongo ulichelewa kuipokea, na ikija pamoja na kelele, yote yanavurugika. Mafunzo ya kila siku yaliwasaidia, si haba.

Mwanawe Deo, mwenye miaka sita, alikuwa na usonji. Waliolijua hilo ni Prudensia na mumewe Method, pamoja na daktari na mwalimu wa shule, basi. Method alikuwa ameshika msimamo wake.

"Mama tusimwambie kabisa. Atasema tumelogwa, na Bukoba nzima watajua kabla hujakata simu."

Prudensia alikubali. Kuvutana na mama mkwe ni kazi ya pili, na yeye tayari alikuwa na kazi.

Mama mkwe mwenyewe, Bi Flaviana, alikuja Marekani mwaka 2019 kumwona mtoto mchanga wa Severin, kaka mkubwa wa Method, aliyejenga Katy, magharibi mwa Houston. Huko ndiko alikofikia. Grand Prairie alikwenda mara moja tu, na siku hiyo nyumba ilijaa Watanzania waliokuja kumwona mgeni, muziki juu, vicheko juu, watoto wanakimbizana. Deo alijifungia kwenye kabati la nguo mpaka watu walipotawanyika. Bibi aliumia, na hakuficha.

"Mama Deo, mjukuu wangu haamkii wakubwa? Huyu mmemlea Kizungu."

Maneno hayo yalimkaa Prudensia rohoni. Kuambiwa hajui kupika angevumilia. Kuambiwa hakumfunza mwanawe adabu, hapana. Akaapa kwamba kabla bibi hajapanda ndege kurudi nyumbani, ataamkiwa na Deo kwa mdomo wake mwenyewe.

Akamfundisha vilevile alivyofundisha panya, wala hakuona aibu. Jioni alizima televisheni, akafunga milango, akamwonyesha picha ya bibi kwenye simu. Deo akisema "Shikamoo Bibi," anapewa kipande cha biskuti. Baada ya wiki chache aliitamka safi, hata biskuti alikuwa anaisahau. Prudensia alifurahi mno, akamwita Method aje kusikia.

Jambo moja lilimpita, na alikuwa analiona kazini kila siku. Panya aliyeijua sauti vizuri penye utulivu, ukimwekea kelele nyuma yake, anapotea kama hajawahi kufundishwa. Ya maabara aliyaacha maabara, kama watu wengi tunavyofanya.

Sherehe ya kumuaga Bi Flaviana ilifanyika Katy. Waliendesha gari tangu asubuhi, na wakiwa bado barabarani nje waliusikia muziki wa Severin. Sebule ilikuwa imejaa, mshereheshaji ameshika kipaza sauti, akina mama wanapiga vigelegele. Bi Flaviana aliketi kwenye sofa kubwa, amevaa gomesi mpya, akainama kidogo na kutega sikio.

"Haya Deo," alinong'ona Prudensia. "Mwamkie Bibi."

Deo aliziba masikio kwa viganja viwili. "Too loud," alisema. "Too loud, Mommy." Akaanza kujipigapiga kichwani.

"Kizungu tena," alisema shangazi mmoja, na watu wawili watatu wakacheka.

Prudensia alimtazama mumewe, naye Method akageukia dirishani. Basi Prudensia akamfuata Severin.

"Shemeji, zima muziki."

"Shemeji, ina maana ni-stop party sasa hivi? Si umpeleke tu nje a-calm down?"

"Zima."

Hakungoja. Alipita katikati ya wachezaji na kuchomoa waya ukutani. Kimya kilichofuata kiliwashtua hata watoto. Prudensia alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni, lakini aibu haikumzuia.

"Mama, Deo ana usonji," alisema. "Tulikuficha, na tulikosea. Anasikia, ila kelele zikizidi maneno yanamvurugikia. Si jeuri. Na mimi sijashindwa kumlea."

Deo alishusha mikono taratibu. Watu wote walimkazia macho, wakingoja lile neno, na neno halikuja. Alitembea mpaka kwenye sofa, akapanda, akakaa karibu sana na bibi yake, bega lake limegusa mkono wa bibi, akaanza kuchezea kitambaa cha gomesi.

Prudensia alifungua mdomo amkumbushe. Bi Flaviana alimnyooshea kiganja, anyamaze.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Marahaba."