Khanga Zisizokatwa

Kuna siku moja hainitoki, mwanangu. Shangazi Somoe alifungua sanduku langu kule Kitomanga, na harufu ya khanga mpya ikajaa chumba kizima.

Zilikuwa doti juu ya doti, hata moja haijakatwa wala kupindwa. Kila siku ya gulio nilinunua, nikarudi na furushi kifuani huku njia ikielea chini ya miguu yangu. Nikifika, naficha. Kesho yake utamu umeyeyuka, natamani nyingine.

Siku hiyo shangazi alifuata salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Mikorosho ilikuwa imetoa maua na ukungu mweupe umeanza kuyala. Mume wangu, kabla hajaenda kuvua samaki kisiwani Songo Mnara, aliniachia fedha ya kununulia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Salfa imo humu?"

Nikavuta kifuniko nilifunge sanduku.

"Haya, tukaipulizie mikorosho khanga! Labda itazaa doti."

Alicheka, mimi nikalia. Hapo akaketi mkekani, akaanza kuinua doti mojamoja.

"Hii ulinunua siku gani?"

Ajabu, nilizikumbuka zote. Hii, siku aliyoondoka mume wangu. Hii, wifi aliponiita tasa. Ile ya zambarau, nilipotoka hospitali baada ya mimba kuharibika. Nilijisikia nikisema, kama ninayesimulia ndoto ya mtu mwingine.

"Mama, kumbe umekunja vilio," akasema shangazi.

Tuliuza nyingi, tukapata salfa, lakini ilikuwa imechelewa. Nusu ya maua yalianguka. Mume wangu aliporudi nilimweleza mwenyewe. Tangu hapo shangazi alinisindikiza gulioni: nishike kitambaa, nimwambie kinachoniuma, tuondoke bila kununua. Nikikitaka bado gulio lijalo, ninunue. Mara nyingi nilikuwa nimekisahau.

Siku hizi gulio limo ndani ya simu yako, mwanangu. Mkono ukikimbilia kununua, jiulize kilichotokea saa moja kabla. Usifiche, mwambie mtu, na fedha iliyotengwa kwa kazi fulani akushikie yeye. Ukishindwa, nenda hospitali kwa wanaotibu maradhi ya akili na hisia. Si aibu. Mimi mwenyewe miguu bado hunivuta gulioni.

Ile ya zambarau sikuiuza. Juzi nimeikata. Upande mmoja nimejifunga, wa pili huu hapa, kaupinde uuvae. Mwenyezi Mungu akujaalie moyo uliotulia, na mtu wa kukuuliza, "Hii ulinunua siku gani?"