Kidole cha Babu

Juzi, hapa Vwawa, mwanafunzi wangu alishangaa nilipomshika kidole mgonjwa wa kiharusi ili achore herufi mezani. Mgonjwa aliyaona maandishi lakini hakuweza kuyasoma. Nilimwambia mwanafunzi kwamba stashahada yangu ya tiba ya wagonjwa wa kiharusi nilijisomesha mwenyewe, ugenini, tena nikafaulu vizuri sana. Ila mbinu hii, nashukuru, niliirithi kwa bibi yangu, kwetu Mbozi.

Babu naye, baada ya kiharusi, aliitazama Biblia yake kama anayetazama ukuta. Alasiri moja bibi alimkalisha kando ya mkeka wa kahawa iliyokuwa ikikauka, yenye harufu ya uchachu, akamwongoza kidole kufuata herufi alizozichora kwenye punje zilizokwaruza taratibu.

"Hii nini, mzee?"

"Naiona, siijui."

"Basi yaache macho. Uliza kidole."

Babu alichora, akanung'unika, akarudia. Mwishowe akatamka, "Ta... bu."

Nilidhani amechoka, nikamwonea huruma.

"Bibi, mwache apumzike. Anasema ni tabu."

Bibi alikuwa akicheka huku machozi yakimtoka.

"Halalamiki, mjukuu wangu. Tabu ni jina langu. Amelisoma."