Unega Wawili wa Shari

Serikali ilipoamuru kila raia aache jina la ubatizo na kuchukua jina la mababu, Athanase alikwenda kupanga mstari ofisini asubuhi na mapema, maana alikuwa mtu wa kutii amri kabla haijarudiwa. Alikuwa fundi wa kushona nguo katika mtaa wa Shari, hapa Bunia. Yeye na mkewe Domitille walikuwa Waalur wa upande wa Mahagi. Mbele ya karani alitaja jina la babu yake, Unega, akaandikwa, akarudi kwenye mashini yake.

Mchana wa siku hiyohiyo mdogo wake Sylvestre naye alikwenda. Yeye hakupanga mstari. Alipita akisalimu watu kwa majina yao mapya, nao kwa furaha wakampisha hadi mezani. Alikuwa mjukuu wa mzee yuleyule, kwa hiyo naye akatoka pale akiitwa Unega.

"Yaya, tunapashwa kufurahi," alimwambia kaka yake jioni. "Babu alikufa na jina peke yake. Leo jina yake iko na batu wawili."

"Lakini weye ulikuwa na majina mingi ya kuchagua. Juu ya nini hukuchukua ya baba?"

"Baba aliacha madeni Mahagi," Sylvestre akajibu bila aibu. "Jina ya babu njo safi."

Athanase hakulala vizuri. Kazi yake yote ilisimama juu ya kuaminiwa. Kila mwaka, kabla shule hazijafunguliwa, alikuwa akichukua vitambaa vya sare kwa mkopo kwenye duka la Mbusa, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, kisha akilipa baada ya wazazi kuchukua nguo za watoto. Mbusa hakuwakopesha watu ovyo. Na mwaka ule kazi ilikuwa imezidi, kwa sababu suti na tai zilipigwa marufuku na kila karani alitaka abakosti, lile koti lisilovaliwa na tai. Watu waliokuwa bado wanadaiwa suti waliingia deni jipya ili wasionekane na ile ya zamani.

Sylvestre, kwa upande wake, kazi yake haikujulikana. Viatu vyake ndivyo vilivyojulikana.

Siku moja Athanase alikwenda kwa Mbusa kununua uzi.

"Ile radio inalia muzuri?" Mbusa akamuuliza.

"Radio gani?"

"Ile Unega alibeba."

Athanase akaeleza kwamba Unega aliyebeba radio ni mdogo wake. Mbusa alisikiliza mpaka mwisho, kwa upole.

"Aliniambia anaitwa Unega. Ni uongo?"

"Hapana, papa."

"Aliniambia anakaa Shari, babu yake ni wa Mahagi. Ni uongo?"

"Hapana."

"Basi mutu hakunidanganya. Lipa radio."

Athanase akalipa. Alijiambia kwamba analipa mara ile tu, ili jina lisichafuke. Lakini habari ikatembea upande asioutaka: katika maduka yote ikasemwa kwamba Unega ni mlipaji, hata akichelewa hakosi. Sylvestre akaifurahia sana sifa hiyo. Akachukua baiskeli. Akachukua godoro. Akachukua makasha ya bia kwa ajili ya harusi ambayo hakuna aliyejua ni ya nani, na wenye maduka walipofika kwa Athanase walikuja wakitabasamu, kama watu wanaotembelea rafiki.

Athanase alipochoka aliita baba zake wadogo waliokaa mtaa wa Rwambuzi. Wazee walikunywa chai, wakakohoa, wakasema jina ni la ukoo, na hakuna awezaye kumkataza mjukuu jina la babu yake. Wakamsifu Sylvestre kwa kuipenda familia. Mwishoni wakamshauri Athanase ashone zaidi.

Domitille, ambaye alikuwa amewapikia wazee hao chai, alivumilia mpaka walipotoka. Kesho yake alijifunga kitenge chake kizuri, akaingia duka moja baada ya lingine, na kila mahali alisema maneno yaleyale kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Bwana yangu hachukui kitu kwa mkopo kama mimi siko pembeni yake. Unega mwenye atakuya bila bibi, mumufukuze!"

Wanaume wa Shari walicheka hata wakashika mbavu. Walimwita Athanase mwanafunzi wa Domitille. Walimuuliza kama anaomba ruhusa ya kupiga chafya. Ilimuuma, maana alikuwa mtu wa haya, na siku za kwanza alikuwa akitembea nyuma ya mkewe kama anayemfahamu kwa mbali. Hata hivyo wadai waliacha kuja. Kwa mara ya kwanza tangu abadili jina, mtu alibisha hodi na Athanase hakujificha nyuma ya mashini.

Aliyebisha hodi alikuwa mwanamke mgeni, mnene, mwenye mikono iliyonukia mafuta ya kukaangia.

"Hapa njo kwa Unega?" aliuliza.

"Njo hapa," Domitille akajibu. "Karibu. Weye ni nani?"

"Mimi Léontine, nauzisha mandazi Rwambuzi. Nilikuya kulipwa makuta yangu."

"Makuta ya mandazi?"

"Hapana, mama. Ya kuwa bibi yake."

Athanase alishika ukuta. Domitille aliweka chini sufuria aliyokuwa ameishika, polepole sana, na mumewe aliuogopa upole ule kuliko kelele zote alizowahi kuzisikia katika ndoa yao.

"Bibi wa nani?" akauliza mwishowe.

"Wa Unega. Aliniambia niende naye dukani kwa Mbusa, nisimame pembeni, nikohoe kidogo kama mutu mwenye anakasirikia bei. Atanilipa jioni. Nikakohoa. Alibeba vitenge na taa, na jioni ile sikumuona." Kisha akamtazama Athanase kwa makini. "Lakini Unega wangu si huyu. Wangu iko na viatu."

Domitille akavuta kiti, akamkaribisha Léontine akae, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Athanase alicheka pia, ila alianza akiwa amechelewa.

Wanawake hao wawili wakaenda pamoja kwa Mbusa. Siku ya kukohoa Mbusa mwenyewe alikuwa safarini, na muuzaji aliyemwacha alikuwa mpya, hakumjua Domitille. Léontine alimweleza yote, mbele ya wateja, akikohoa tena ili aeleweke. Mbusa alikasirika, na kilichomkasirisha zaidi ni kusikia wateja wakicheka. Akafuta deni la vitenge na taa kwa Athanase, akatuma watu wamtafute Sylvestre. Sylvestre alikuwa ameshapanda lori la kwenda Kilo, ambako watu walichimba dhahabu kwa kujificha na hakuna aliyeulizwa jina.

Miaka ikapita. Valérie, binti yao wa kwanza, akaolewa. Athanase aliendelea kushona, kukopa pamoja na mkewe na kulipa kwa wakati, na hakuna mtu aliyemsifu, kama vile hakuna anayelisifu jua kwa kuchomoza. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, serikali ikaruhusu raia wachimbe na kuuza dhahabu hadharani. Sylvestre akarudi Bunia na kitambi. Alipita duka hadi duka akilipa madeni yake yote ya zamani kwa siku moja, kundi la watu likimfuata na kushangilia. Mbusa, aliyekuwa amezeeka, alimkumbatia na kufuta machozi.

"Mutu wa haki!" alisema. "Mutu wa haki kabisa."

Athanase alikuwa mlangoni, akiwa na pesa za vitambaa mkononi. Alisubiri mpaka wakumbatiane vya kutosha, kisha akalipa. Mbusa alizipokea bila kumtazama.

Msimu uliofuata upepo uling'oa paa la nyumba ya Athanase. Mbusa hakuuza mabati, kwa hiyo yeye na Domitille walikwenda kwa mwenye duka mgeni, kijana aliyefika mjini karibuni. Athanase aliomba mkopo, akataja jina lake.

Kijana akasimama. "Unega? Ule wa zahabu?"

Athanase alifungua mdomo ili aeleze, kama alivyokuwa akieleza kwa zaidi ya miaka kumi.

"Njo yeye," akasema Domitille.

Mabati yalipakiwa siku ileile, na misumari wakaongezewa bure. Njia nzima Athanase hakumsemesha mkewe, lakini mvua iliponyesha alikaa katikati ya nyumba kavu na kuomba chakula. Alilipa deni lile mwezi kwa mwezi hadi likaisha, hakuchelewa hata mara moja. Yule kijana akawaambia wenzake mji mzima kwamba Unega wa dhahabu ni mtu wa kuaminika sana. Habari ikamfikia Sylvestre, ambaye dhahabu yake ilikuwa imeanza kwisha. Akapiga viatu vyake rangi, akaenda dukani kwa kijana yule kutaja jina lake na kuchukua simenti kwa mkopo.