Siku Niliyokojoa Kitanda cha Wakwe

Wacha niseme yote, kwa sababu huko Kyuso bado kuna watu wanaonijua tu kama yule msichana wa Kibwezi aliyekojoa kitanda cha wakwe, na mimi ni mtu mzima, mwalimu wa shule (cheka, halafu unisikize).

Nilikuwa nimeenda kutambulishwa kwa kina Mutua, mchumba wangu, nikalazwa kitanda kimoja na Mwikali, mpwa wake wa miaka minane. Asubuhi naamka, gauni limelowa hadi mgongoni, na mtoto amejikunja ukutani anatetemeka.

"Auntie, usiambie susu."

Susu ni nyanya yake, yaani mama mkwe wangu mtarajiwa, na adhabu yake ilikuwa kumbebesha mtoto godoro kichwani mbele ya wenzake wanaochota maji.

Mlango ukafunguka. Mama akaona shuka, akamkazia macho Mwikali, akaanza kukunja mikono ya sweta, na mdomo wangu ukatangulia akili: "Pole mama, ni mimi."

"Wewe? Na ukubwa huo?"

Nikafikiri yameisha. Kumbe mama ana huruma na wageni! Akamwambia dada yake, dada akamwambia mke wa pasta, na kanisani asubuhi hiyo, ibada haijafika katikati, nikasikia pasta akitangaza, "Mgeni wetu ana shida ya usiku, aje mbele tumuombee." Nikaenda (ningefanyaje?), kina mama wakaniwekea mikono tumboni, wakakemea kwa sauti, na Mutua anaangalia viatu vyake tu.

Ndipo Mwikali akatoka kwa watoto akilia: "Muacheni auntie! Ni mimi!"

Nje, mama akaniuliza, "Mbona ukajibebesha?"

"Mama, mimi nimeombewa. Yeye angechekwa."

Wiki hiyo mama alimpeleka Mwikali zahanati, na nesi akamweleza kwamba mtoto hafanyi kusudi, usingizi wake ni mzito na kibofu bado kinakomaa. Anywe maji mchana, apunguziwe chai ya jioni, aende choo kabla ya kulala, na asichapwe wala kuaibishwa. Mama akatandika nailoni chini ya shuka. Bado kuna asubuhi za kulowa, ila sasa wanafua pamoja, nyuma ya nyumba, bila kelele.

Mimi nimeolewa hapo hapo, na nimeapa sitakojoa tena kwa niaba ya mtu. Siku nyingine nitamvuta mtu mzima kando nimwambie ukweli polepole. Lakini akiwa ameshakunja sweta, na mtoto anatetemeka hivyo... sijui, jamani.