Kiti cha Upande wa Kulia

Ule mlio mdogo wa mkanda wa ndege ukifungwa, tak, hunirudisha utotoni, na mimi nausikia mara nyingi kuliko wenzangu wengi niliomaliza nao darasa la saba. Siku hizi mabinti wa kaunta pale uwanja wa Mwanza hawaniulizi tena. Wanajua mzee wa malori anataka dirishani, kulia, mbele ya bawa. Ukikaa usawa wa bawa, utatazama bati safari nzima. Wasomi wanakaa popote wanapopangiwa.

Hayo ya dirishani na kulia nilifundishwa na mama, ambaye hakuwahi kupanda ndege maishani mwake.

Kwetu Igogo, mtaa wa Mwanza uliojengwa juu ya mawe, mama alianika dagaa kwenye jabali nyuma ya nyumba, na kila ndege iliyokwenda Dar aliisindikiza kwa macho. Basi mjomba, kaka yake, ambaye hakujaliwa mtoto, akaja kusema atanichukua nikatembee kwake Dar wakati wa likizo. Kwa ndege! Mimi, ambaye hata viatu nilivaa vya kurithi. Nikatia shaka hapohapo. Jioni mama akanipakulia firigisi. Ndugu msomaji, firigisi kwetu ilikuwa ya baba, na baba alikuwa amekaa palepale, anatafuna shingo ya kuku huku akiangalia pembeni. Niliitafuna firigisi ile mpaka ikaisha utamu.

Kilichonimaliza ni kiti. Mama alimkalia mjomba kooni siku nzima.

"Mtoto akae dirishani, kulia. Kushoto hatatuona." Kisha akaniinamia. "Nitasimama juu ya jiwe na kitenge chekundu, mwanangu. Uangalie chini."

Nikawaza, mtu wa kwenda na kurudi anaagwa hivi kwa lipi?

Ndani ya ndege mjomba akanipisha dirishani. Nikaikalia mikono yangu yote miwili, maana niliona nikipunga tu, nimekubali kwenda moja kwa moja. Lakini macho sikuweza kuyazuia. Ndege ikapanda, ikalala kidogo, na Igogo ikatokea chini: mabati yanang'aa, mawe kama changarawe iliyomwagwa ziwani. Mtu hata mmoja sikumwona. Kitenge hakuna. Nikajua nimedanganywa, kiti kile kilikuwa pipi ya kunipandishia.

Likizo ilipoisha, mjomba akaninunulia sare za shule ya hukohuko. Sikukosea. Nikakulia Dar, nikaanza kubeba mizigo sokoni, na kwa mikono hii nikawa huyu mwenye malori anayewaandikia.

Nilikuwa nimeshaota ndevu mama alipokuja kunitembelea kwa treni. Nikamuuliza mbona siku ile hakusimama kwenye jiwe. Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. Akasema alisimama, akapunga kitenge mpaka shingo ikamuuma. Ndipo nikaelewa. Kwa mtu aliye chini, ndege ni kubwa, inapita karibu, madirisha yake unayaona moja moja. Angejuaje kwamba aliye juu haoni mtu?

"Mbona mimi nilikuona," akasema. "Ulikuwa dirishani kabisa. Ukanipungia."

Mimi ni mtu wa kushuku. Dereva wangu akipiga simu kwamba tairi limepasuka, nataka nilione kwa macho yangu. Neno hilo la mama nimeliacha lilivyo.