Kamba ya Zaituni

Juzi nilipita Msowero nikaona wanafunzi wakipanda mahindi kwa kamba, nikamkumbuka Zaituni, msichana asiyeona niliyesoma naye Kilosa.

Enzi zile za Ujamaa kila darasa lilikuwa na shamba lake. Alasiri ile udongo ulinukia mvua. Sisi tulipanda kwa kukadiria hatua. Zaituni peke yake alikuwa na kamba, tena mwalimu mwenyewe ndiye aliyeifunga mafundo, moja kwa kila shimo. Sasa naelewa kwa nini. Wakati ule niliona upendeleo mtupu, nikalalamika.

Mwalimu akaihamishia kamba kwenye mstari wangu. "Haya, panda. Ila fumba macho."

Nilipapasa fundo la kwanza, nikachimba, nikaweka mbegu; la pili vilevile. Nilipoiachia kamba ili nichimbe shimo la tatu, sikuipata tena. Niliendelea tu kwa aibu, nikisikia majembe ya wenzangu yakinyamaza moja moja.

"Usikimbie," Zaituni alisema taratibu. "Kamba haiendi popote."

Nilipofumbua macho nilikuwa nimesimama kwenye mstari wake, ulionyooka kuliko yote, nikikanyaga mbegu alizokwisha kufukia. Nikamrudishia kamba kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kumpa mtu mzima.